Mbuzi Tarishi na Bi Ukungu

Jumatatu, 8 Machi 1971

Bwana Ogada wa maktaba ya filamu kule Kisumu ameniagiza niandike Kiswahili kila siku, hata kama ni mstari mmoja, kwa sababu ripoti zangu zinamchekesha. Basi naanza. Mimi ni Zilpa Aloo, mtu wa upande wa ziwa, na tangu mwaka uanze ndimi ninayeonyesha sinema katika jumba la jamii hapa Kebirigo. Huonyesha Jumapili alasiri, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja aitwaye Nyamoita, ambaye shamba lake la chai linaanzia nyuma kabisa ya ukuta wangu. Yeye ni mtu wa Ekegusii, mimi wa Dholuo, kwa hiyo tunakutana katika Kiswahili, kila mmoja amekuja nacho cha kwake.

Leo mvua ya kwanza imenyesha. Kilima kizima kilitoa mvuke kama mtu aliyetoka kuoga.

Jumapili, 14 Machi

Nimeonyesha tena katuni za mbuzi tarishi. Ni za zamani, hazina maneno, zina muziki tu. Mbuzi amevaa kofia ya posta na kubeba mfuko wa barua, na kuna bata bukini mmoja ambaye maisha yake yote ni kumwibia ile kofia. Mbuzi anamfukuza, anaanguka kutoka mwambani, anapitiwa na garimoshi, anakunjika mara mbili kama barua. Halafu anajikunjua, anajipangusa vumbi na kuendelea na safari.

Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika mguu. Mama Nyamoita alikaa mstari wa tatu, shali kichwani, na nilipogeuza macho kutoka kwenye projekta nikamwona naye anacheka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Binti yake Bitutu, anayesoma shule ya Sironga, alinishika kiwiko. Akaniambia hajamsikia mama yake akicheka tangu mvua za mwaka jana. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani ni uchovu wa chai.

Jumanne, 16 Machi

Mvua.

Alhamisi, 18 Machi

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata wachuma chai walionekana vichwa tu, vikielea. Mama Nyamoita aliniita niende nimshikie kikapu. Alichuma kwa muda mrefu, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, kisha akauliza kuhusu mbuzi.

“Garimoshi ikimpanda, haumii?”

“Haumii, mama. Ni wino tu.”

Akafikiri. “Anaamka,” akasema. “Hiyo ndio mzuri. Hata ianguke namna gani, inaamka.”

Jumapili, 21 Machi

Mkanda umekatika mara tatu leo. Mbuzi alikuwa hewani, katikati ya kuanguka, tukabaki na shuka jeupe tu la ukutani. Filamu yenyewe imechoka, ina mikwaruzo, inaonekana kama mbuzi anatembea ndani ya mvua yetu.

Jumatatu, 22 Machi

Nimempigia simu Bwana Ogada kutoka posta. Anasema mbuzi amestaafishwa, hakuna nakala nyingine. Siku hizi dunia inataka katuni za mashujaa, watu wenye nguvu zisizo za kawaida, na kila shujaa ana mfululizo wake wa vipindi. Ataniletea mifululizo mitatu. Nionyeshe, niangalie watu, kisha nimpendekezee ule unaowafaa wale waliompenda mbuzi, ndio atakaozinunulia kumbi zote za huku juu. Nilitoka posta nimejaa fahari. Sijawahi kuulizwa nipendekeze kitu chochote.

Jumatano, 31 Machi

Sanduku la bati limefika na basi. Nilipolifungua jumbani, Mzee Zachariah akaingia. Yeye ni mzee wa kanisa la Sabato na mwenyekiti wa kamati ya jumba, tena ni kaka ya marehemu mume wa mama Nyamoita, ingawa sijawahi kumwona akikanyaga kwetu. Ana uso kama mlango uliofungwa. Akaniuliza ni filamu gani, nikamweleza. Nilingoja anitajie Maandiko. Hakuyataja.

“Binti,” akasema, “watu wa hapa wasionyeshwe mtu anayefika kila mara kwa wakati.”

Akasema kamati itakutana mwishoni mwa Mei, na yeye atasema jumba litumike kwa mikutano ya chai tu. Hapo kazi yangu imekwisha, nitarudi kwetu. Nimemwona ni mzee mkavu, asiyependa watoto wafurahi.

Jumapili, 4 Aprili

Tumeanza na Mwana wa Radi. Ni mtu mwenye kidevu cha mraba na vazi la buluu, anaruka angani, anaongea Kiingereza bila kupumua. Kila mara kuna kitu kinaanguka na kila mara yeye yuko chini yake. Mnara, ndege, mwanamke kutoka ghorofani. Vijana walipiga miluzi. Wazee walitazama kwa heshima, kama wanaohutubiwa na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya.

Halafu likaja basi la watoto wa shule kwenye daraja. Daraja likakatika, basi likainama kuelekea mtoni, na Mwana wa Radi akaja akalidaka kwa mkono mmoja huku akitabasamu. Ukumbi ukashangilia. Mama Nyamoita akasimama, akapita mbele ya mwanga, kivuli chake kikafunika basi zima, akatoka nje kwenye mvua bila shali.

Nilimkuta nyumbani anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

“Huyo mtu anakaa wapi?”

“Mama, ni picha tu.”

“Najua ni picha. Nauliza anakaa wapi, kwa maana hapa hakupita.”

Jumatatu, 5 Aprili

Bitutu hakwenda shule leo, alikuwa na homa kidogo. Tulikaa jikoni tukimenya ndizi, na akanieleza. Yeye humwita mama yake “baba”, ndivyo Ekegusii kilivyo, na mwanzoni nilikuwa nachanganyikiwa, nadhani anasimulia habari za mwanamume.

Alikuwa na mdogo wake, Ombati. Mwaka jana, mvua kama hizi, Ombati alikuwa akirudi kutoka shule na mto wa bondeni ulikuwa umefurika. Mama yao alikuwa amemwomba Mzee Zachariah akamngoje mtoto pale kwenye gogo la kuvukia. Zachariah alitoka, lakini mvua ya mawe ikamkuta njiani, akajikinga dukani mpaka ipungue. Alipofika gogoni, Ombati alikuwa ameshakanyaga. Mzee alimwona anateleza. Alimkimbilia. Hakufika.

Tangu siku hiyo mama Nyamoita hajamsalimu shemeji yake. Na jina la Ombati halijatoka mdomoni mwake. Watu waliokuwa wakimwita Mama Ombati sasa wanamwita Mama Bitutu, na yeye huitika.

Nilikaa na kisu mkononi. Nilimfikiria yule mzee mkavu, na maneno yake yakageuka ndani yangu kama mtu anayegeuka kitandani.

Jumanne, 6 Aprili

Sikuandika chochote cha maana kwa Bwana Ogada.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Wakatoliki wamejaa barabarani na nguo nyeupe, matope mpaka magotini. Hakuna sinema.

Jumapili, 18 Aprili

Mfululizo wa pili ni wa mashujaa sita wa chuma wanaotoka kwenye nyota. Wanageuka ndege, wanageuka mizinga, wanapigana na mashujaa wengine wa chuma. Kelele nyingi. Watoto wadogo waliziba masikio, na bibi mmoja aliniuliza kama vita vya Wazungu vimeanza tena. Mama Nyamoita hakuja. Mvua ilipiga mabati hata nikashindwa kutofautisha ipi ya Mungu na ipi ya mashujaa.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimekuwa nawaza jambo hili wiki nzima, hata nikilala naliota. Anayempenda mbuzi tarishi anapenda nini hasa? Nilidhani ni kuchekeshwa. Sasa naona ni zaidi. Anapenda mwili unaoanguka kweli, halafu ukaamka. Anapenda kimya kile cha muziki, asilazimike kutafsiriwa. Mwana wa Radi haanguki hata mara moja. Utamwonea huruma vipi mtu asiyeanguka?

Leo asubuhi nimefungua mkanda wa tatu. Sikutaka kuuonyesha watu kabla sijaujua, na nikamwomba mama Nyamoita aje tuutazame wawili tu. Alikataa, kisha akaja, akakaa karibu na mlango.

Shujaa wa huu ni mwanamke wa makamo anayefua nguo za watu katika mji wa milimani. Ana kunguru mmoja anayemuudhi, anayemwangushia nguo safi kwenye tope. Ukungu ukishuka, yule mama anaingia ndani yake na kuwa mkubwa kama kilima, mwepesi, nywele zake zikiwa mawingu. Wamemchora kwa mkono uleule wa zamani, mistari inatetemeka kidogo, na haongei. Kazi yake ni kubeba. Anabeba mkokoteni uliozama, ng'ombe aliyeogopa, paa la nyumba. Nguvu zake si nyingi. Mara nyingine anachelewa, paa limeshaanguka, na anaketi na wenye nyumba, anawashikia kuta mpaka wamalize kujenga. Mara nyingine anateleza yeye mwenyewe na kubingirika mlima mzima, kunguru akimcheka, kisha anajikusanya, kipande kwa kipande, kutoka kwenye miti.

Mimi nimempa jina Bi Ukungu. Mkanda ulipokwisha ukawa unapiga papapa kwenye gurudumu, na hakuna aliyeinuka. Nje ukungu wa kweli ulikuwa umefika mlangoni.

“Huyu anachelewa,” mama Nyamoita akasema.

“Mara nyingine, mama.”

Akajifunga shali. “Jumapili nitakuja.”

Jumapili, 25 Aprili

Bi Ukungu ameshinda. Watu walimcheka kunguru kama walivyomcheka bata, tena walinyamaza pale pa kunyamaza. Wanawake waliokaa mbele wakaanza kumshauri Bi Ukungu kwa sauti akunje vipi mablanketi.

Jumanne, 4 Mei

Mvua. Barabara ya Nyamira imekatika, lori la chai limelala ubavu.

Jumapili, 9 Mei

Kipindi cha tatu cha Bi Ukungu. Nilipokuwa nafunga jumba nikamkuta Mzee Zachariah amesimama chini ya ukingo wa paa, koti limelowa mabegani. Alikuwa amesikiliza kutoka nje. Nilimkaribisha ndani, nikampa kiti, na kwa kuwa sasa nilijua ninachojua, nikauliza bila hasira kama anazichukia hizi filamu.

Alitazama shuka tupu. “Sizichukii,” akasema. “Naziogopa.”

Akaniuliza huyo mwanamke mkubwa hufanya nini. Nikamweleza kwamba hubeba. Akaitikia kwa kichwa, akatoka. Nilimtazama akipanda mlima, mwendo wa polepole, mpaka ukungu ukammeza kuanzia miguuni. Si mkavu hata kidogo. Sijui nilikuwa nikiangalia nini miezi yote hii.

Jumatano, 12 Mei

Mama Nyamoita ana kikohozi. Nimechuma chai badala yake, vibaya. Karani wa kituo cha kununulia chai amerudisha nusu ya kikapu.

Jumapili, 16 Mei

Nataka niandike hili polepole, lisinipotee.

Jumba lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mvua ilianza kabla ya sinema, nzito, na kwa sababu hiyo Mzee Zachariah aliingia ndani kweli, akasimama nyuma karibu na mlango. Mama Nyamoita alikuwa mstari wa tatu na Bitutu. Hakugeuka. Mimi nilikuwa kati yao, na projekta.

Kipindi hiki sikuwa nimekitazama kabla, na upesi nikaona kinakoelekea. Mto wa milimani unafurika. Mtoto wa muuza maziwa anavuka kwenye daraja la kamba. Mbali kule Bi Ukungu ameinama kwenye beseni, anainua kichwa, anasikia. Anaingia ukunguni, anaanza kukimbia, na miti inapita ndani ya mwili wake. Nilifikiria kuzima. Niliuweka mkono kwenye swichi, nikashindwa. Kamba moja ikakatika. Mtoto akaning'inia.

Hapo jenereta ikakohoa, ikafa.

Giza, na mvua juu ya mabati. Hakuna aliyepiga kelele. Ilikuwa kama sote tumelala na tunaota ndoto moja, na ndoto imesimama. Niliwaambia wasubiri, nitoke nikaiwashe. Kabla sijapiga hatua nikasikia mtu anasimama mbele, kisha sauti ya mama Nyamoita kwa Ekegusii, ya chini, ya mtu anayesimulia jikoni. Bitutu alikuwa amenisogelea gizani. Akaninong'oneza kwa Kiswahili, sentensi moja baada ya nyingine, na sauti yake ilikuwa ikikatika.

Mama yake alikuwa anamalizia hadithi.

Alisema yule anayekimbia alichelewa. Alikuwa amejikinga mvua, kwa maana mvua ilikuwa ya mawe, na mtu yeyote hujikinga mvua ya mawe, hata yeye mwenyewe angejikinga. Hakujua mtoto ameshafika. Alipofika, kamba ilikuwa imekwisha kukatika. Akaona mkono mmoja wa mtoto, basi.

Akasema yule mtu aliingia majini na viatu vyake. Maji yakamtupa nje, akaingia tena. Watu wakamwambia aache. Akafuata ukingo wa mto akipita kwenye matete na miiba, akiita, mpaka kule chini ambako mto unapanuka na kutulia, na huko akamkuta. Hakumngoja polisi, hakuomba machela. Alimvua sweta iliyolowa akamvika koti lake. Akamweka mgongoni kama unavyombeba mtoto aliyesinzia, akapanda naye mlima wote mpaka mlangoni kwa mama yake. Na yule mama hakumwambia karibu. Alimpokea mtoto, akafunga mlango.

“Mtoto aliitwa Ombati,” akasema, na hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Akakaa.

Mtu fulani kule nyuma alikuwa anapumua kwa shida, kama aliyebeba kitu. Hakuna aliyegeuka kumtazama, na sijawahi kuona adabu kubwa kama ile ya watu wengi gizani.

Nilipotoka nikaiwasha jenereta, Bi Ukungu alikuwa bado anakimbia. Akafika, akamdaka mtoto, kama ilivyoandikwa huko walikomchora. Watu wachache tu walitazama. Muziki ulipokwisha nikageuka, na pale mlangoni palikuwa na alama ya maji tu sakafuni.

Jumatatu, 17 Mei

Nilimuuliza Bitutu kama mambo yale yalikuwa kweli, koti na mlima. Akasema ni kweli yote. Yeye ndiye aliyeona kupitia ufa wa dirisha.

Alhamisi, 20 Mei

Nimempigia Bwana Ogada, nikampa pendekezo langu. Nilimwambia kwa anayempenda mbuzi tarishi asimpe Mwana wa Radi, wala wale wa chuma, hata kama wana rangi nzuri. Ampe Bi Ukungu. Akataka sababu za kuandika. Nikamwambia ni kwa sababu anaanguka, kwa sababu haongei, na kwa sababu ana ndege wa kumuudhi. Alicheka, akasema Kiswahili changu kimenyooka. Sababu nyingine sikumwambia, ningemwambiaje kwenye simu ya posta na foleni nyuma yangu.

Ijumaa, 28 Mei

Kamati imekutana. Mzee Zachariah alisema maneno machache. Sinema ziendelee, na jenereta itafutiwe fundi.

Jumapili, 6 Juni

Mvua inapungua. Leo jua lilitoka kabla ya adhuhuri na chai yote ikang'aa.

Tulikuwa tunakula, mama Nyamoita, Bitutu na mimi, ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu ambayo mwishowe nimeizoea, mtu akabisha hodi. Mlango ulikuwa wazi, hata hivyo alibisha. Alikuwa Mzee Zachariah, kofia mkononi, hakuthubutu kuvuka kizingiti.

Mama Nyamoita alimtazama. Kisha akainuka, akachukua kiti, akakipangusa kwa kanga yake ingawa hakikuwa na vumbi, akakiweka karibu na moto. Mzee akaingia, akakaa. Bitutu akamnawisha mikono. Alikula kidogo, kwa uangalifu, kama mgonjwa anayejaribu chakula. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kuinuka niwaache, nisiipate.

Ndipo mama Nyamoita akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili, sijui kwa nini. Labda katika lugha yake mwenyewe swali lingeuma zaidi. Hakumtazama, alikuwa anakoroga makaa.

“Ile siku, kwa mlima. Alikuwa mzito?”

Mzee Zachariah aliweka tonge chini. Mikono yake mikubwa ilikaa magotini, imefunguka.

“Hapana, shemeji,” akasema. “Hakuwa mzito.”

Mama Nyamoita akaitikia kwa kichwa, tena na tena. Kisha akamwongezea ugali.